Barua Inayofaa Zaidi

Mkaguzi alifika Jumatano saa tatu asubuhi, na hakuna aliyekuwa anamtarajia. Watoto kumi na mmoja walikuwa uani, wamekaa juu ya mabeseni yaliyopinduliwa, maana ndani mlikuwa na rangi mbichi. Bwana Faili alikuwa juu ya stuli, brashi mkononi, anaipaka ukutani herufi E ya kijani. A ilikuwa bado haijakauka. Mke wake, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri, alikuwa anamfuta mtoto mmoja pua, na mtoto huyo alikuwa anapinga kwa nguvu zote alizojaliwa.

"Hodi hapa."

"Karibu," alisema Mwalimu bila kugeuka. "Kama unakuja kuandikisha mtoto, naomba urudi Jumatatu. Leo tuna rangi."

"Sina wa kuandikisha, wangu wameshaota ndevu. Natoka Idara ya Malezi. Nimekuja kukagua."

Mwalimu akaiachia ile pua.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye viatu bapa, faili kwapani, na uso wa mtu ambaye tangu asubuhi ameshaingia nyumba tatu na katika zote tatu ameambiwa subiri kidogo. Akapiga hatua kuingia ndani. Mbele yake akasimama mtoto wa kike wa miaka minne na nusu, mikono kiunoni. Huyo walimwita Meneja, kwa sababu hakuna aliyemwajiri na bado alikuwa anawasimamia wote.

"Vua viatu," Meneja akamwambia.

Mkaguzi akavua.

Bwana Faili alishuka kwenye stuli polepole. Suruali aliyovaa ilikuwa imeshonwa kiraka nyuma, na tangu mkaguzi aingie alikuwa anatembea kinyumenyume ili kiraka kielekee ukutani. Ndiyo maana alipokwenda kuegemea, aliegemea A.

"Dada yangu, karibu sana," alisema. "Ila umewahi. Ukaguzi wetu ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe ishirini na saba. Barua ninayo."

"Ulikuwa tarehe ishirini na saba. Ukabadilishwa, ukawa leo, tarehe kumi na nane. Mliandikiwa wiki tatu zilizopita. Na mliambiwa chumba kiwe na mlango wa pili." Mkaguzi akautazama ukuta uliokuwa unapakwa rangi. "Mlango wenyewe ulitakiwa uwe hapo kwenye E."

Kila mtu akaitazama E.

"Haiwezekani," alisema Bwana Faili. Akafuta mikono, akatoa simu, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja maneno *Idara ya Malezi* kwenye kisanduku cha kutafutia barua pepe. Hivyo ndivyo alivyofanya kila siku kwa miezi miwili. Sanduku lao la barua lilikuwa halifai kuingia kwa miguu: lilikuwa na matangazo elfu nne ya viatu, magodoro na watu waliokuwa wanampongeza kwa kushinda gari. Kwa hiyo alikuwa anatafuta. Na kila alipotafuta, barua ilikuja ileile, juu kabisa.

"Hii hapa. Soma mwenyewe. Ya juu kabisa. Na simu yenyewe imeandika hapo juu yake, angalia: *Yanayofaa zaidi*. Kama kuna nyingine ingekuwa inafaa, si ingewekwa hiyo?"

Mkaguzi alisoma. Akasoma tena.

"Mzee, hii ni ya mwezi wa kwanza."

"Ndiyo ya mwisho kuja. Iko juu. Mimi nimekaa masijala miaka ishirini na miwili, dada, nimefungua na kufunga mafaili kabla hujaanza kazi, usinione na rangi hii. Karatasi mpya inakaa juu. Sijawahi kuona faili ambalo ya zamani inakaa juu ya mpya, labda kama mtunzaji wake amelewa."

"Kwa hiyo ya pili hamkuipata."

"Haikufika."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, taulo la pua begani. "Haikufika, mama," akasema na yeye. "Huyu angeiona. Huyu hata risiti ya sabuni anaifungulia jalada."

Mkaguzi akashusha pumzi, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakapanda hadi kifuani. Akafungua faili lake. "Sikilizeni. Kama mlipata barua na hamkujiandaa, hapo mmefeli, mnaomba upya, na raundi nyingine ni mwezi wa kumi na moja. Mpaka siku hiyo mnaruhusiwa watoto wanne tu. Wanne tunahesabu mmesaidia majirani. Wa tano ni shule, na shule bila kibali tunaifunga. Lakini kama barua haikufika, kosa ni la ofisi. Mnajaza tamko, mnapangiwa siku nyingine mwezi huuhuu, mnatoboa mlango wenu, maisha yanaendelea."

"Tunajaza," alisema Mwalimu.

Bwana Faili alijaza ile fomu akiwa amepiga magoti mbele ya meza ndogo ya watoto. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka mkaguzi akainamia kuutazama. *Mimi niliyetia sahihi hapa chini natamka kwamba barua tajwa haikunifikia.* Akapiga mstari chini ya jina kwa kutumia ukingo wa simu.

"Na huyo anayetuma barua?" aliuliza akirudisha kalamu.

"Karani wetu? Ataandika maelezo. Mwaka jana barua mbili zilipotea mikononi mwake, akaonywa. Hii ya tatu sidhani kama atabaki." Mkaguzi alikuwa anatafuta viatu vyake. Meneja alikuwa ameshavipanga pamoja na vya wengine, kwa urefu.

*

Binti yao alirudi kula saa saba. Alikuwa anakata vioo vya madirisha kwenye duka la jirani, na vidole vyake havikukosa plasta. Siku ya bahati alirudi na plasta moja. Watoto walikuwa wamelala uani chini ya shuka lililofungwa kamba. Mama yake akamsimulia huku anampakulia, kwa kunong'ona, na baba yake akawa anachomekea pale alipoona habari inampunja.

"Nipe simu," alisema binti.

"Usinifutie kitu."

"Baba, nimeifungua mimi hii anwani. Ningetaka kukufutia ungekuwa huna hata jina." Akaandika *Idara ya Malezi*. Ikaja ileile. Akaitazama kidogo, kisha akabonyeza pembeni, palipokuwa na vishale viwili, kimoja kinapanda, kimoja kinashuka.

"Hapo pana nini?"

"Hujawahi kubonyeza hapa?"

"Nilijua ni pa kupandisha sauti."

Ikafunguka orodha fupi: *Yanayofaa zaidi. Mapya kwanza. Ya zamani kwanza.* Binti akagusa *Mapya kwanza*. Orodha ikaruka, ikatulia. Juu kabisa, kwa maandishi mazito ya kitu ambacho hakijafunguliwa, ilikuwa imekaa barua ya wiki tatu. *Mabadiliko ya tarehe ya ukaguzi, pamoja na masharti ya mlango wa pili.*

Mtoto mmoja alikohoa uani, Mwalimu akageuza kichwa, akasikiliza, akarudi.

"Ilikuwa humu," alisema Bwana Faili.

"Ilikuwa ya tano kutoka juu. Ungeshuka kidogo na kidole ungeiona."

"Nishuke kwenda wapi? Ya juu imeandikwa inafaa."

"Inafaa maana yake si mpya, baba. Maana yake simu inakisia unachokitaka. Inaangalia maneno, inaangalia na unachofungua mara nyingi. Kama barua unaifungua kila siku, inasema huyu anaipenda hii, ngoja nimwekee karibu." Akamtazama baba yake. "Umeifungua mara ngapi?"

"Mara tatu, nne. Mimi nikishajua tarehe sina haja ya kuisoma tena."

"Basi si wewe."

Mwalimu alikuwa anakusanya sahani, na sahani zilikuwa bado na chakula.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa naifungua asubuhi, ukiwa bafuni. Ile sehemu ya mwanzo. *Tumepitia ombi lako na tumeona una sifa za kulea watoto.*" Alisema maneno hayo kwa sauti ya kusoma, bila kukosea hata moja. "Sijawahi kuandikiwa hivyo. Tangu nimeanza kufuta watu makamasi sijawahi kuandikiwa na mtu kwamba nina sifa. Nikawa naisoma, kisha naanza kazi."

Binti akaweka simu mezani taratibu. Bwana Faili akavua miwani, akaifuta, akairudisha, na kwa jinsi alivyoirudisha ilionekana haikuwa na uchafu wowote.

"Sasa fomu niliyosaini," alisema.

"Imeshakwenda," alisema Mwalimu.

"Nimeandika haikunifikia."

"Na kwako haikukufikia. Uliiona? Hukuiona. Umeandika ukweli wa saa tatu asubuhi. Huu mwingine ni ukweli wa saa saba, na wa saa saba haujaulizwa na mtu."

"Yule karani anaondoka."

"Yule karani ni nani yako? Umeshamwona sura?"

"Namjua."

"Unamjulia wapi?"

"Nilikuwa yeye miaka ishirini na miwili."

Mwalimu akazirudisha sahani mezani, maana habari ile aliijua na alikuwa ameimaliza kuilia zamani. Bosi mmoja aliandika kwamba barua haikufika masijala. Bwana Faili akapumzishwa kwa faida ya ofisi, na miezi miwili baadaye barua ikaonekana kwenye gari la yule bosi, chini ya kiti, imefungia chapati. Hakuna aliyemwita kumwambia. Alihadithiwa na mlinzi.

"Baba wee," alisema Mwalimu, na sauti ilikuwa imechoka kuliko kukasirika. "Nina watoto kumi na mmoja. Mama zao wanafagia maofisi, wanauza, wanalinda, wanakuja hapa jioni miguu imevimba. Ukienda kule ukajisema, mimi nibaki na wanne. Saba nawapeleka wapi? Huyo karani akifukuzwa ni mtu mmoja. Mimi hapa nina watu saba, na mama zao saba. Piga hesabu wewe uliyesoma."

"Nimepiga."

"Imetoka ngapi?"

"Imetoka kwamba una haki. Ila nikipita pale barabarani nikimkuta amekaa, sitajua nitazame wapi."

"Tazama chini. Wengi ndivyo tunavyotembea."

Binti aliangalia saa, akasema anarudi kazini, akasimama, hakuondoka. "Naweza kuifuta," alisema. "Lakini kwao itaonekana ilitumwa."

"Kutumwa si kufika," alisema mama yake.

"Usifute," alisema Bwana Faili. "Karatasi haing'olewi kwenye faili."

*

Kesho yake asubuhi alikuta shati lake jeupe limetundikwa mlangoni, kola imenyooka, hata mfukoni pamepitishwa pasi.

"Kwa hiyo umekubali," alimwambia mke wake.

"Sijakubali. Nimepiga pasi."

Idara ya Malezi ilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye korido yenye benchi moja na watu wa mabenchi manne. Bwana Faili alisubiri kwa kusimama, akatumwa chumba namba sita, kutoka sita akatumwa tisa, tisa wakamwambia ni pale sita, ila dirishani, si mlangoni. Dirishani alikuwa amekaa karani, mwanamke wa miaka kama thelathini, sweta imekunjwa viwikoni, anatafuna kifuniko cha kalamu. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye kichwa *Maelezo yangu kuhusu*, na chini yake weupe mtupu.

"Shida yako, mzee?"

"Nimekuja kuondoa tamko langu la jana. Nilisema barua haikunifikia. Ilinifikia."

Karani akatoa kifuniko mdomoni. "Wewe ndiye yule wa mlango wa pili?"

"Ndiye."

"Fomu ya kuondoa tamko hakuna, mzee. Kuna ya kutamka tu. Hakuna mtu amewahi kurudi."

"Basi nipe karatasi tupu."

Aliandika amesimama, karatasi juu ya kizingiti cha dirisha, watu nyuma yake wanaguna. Alipomaliza akamwonyesha karani simu: vile vishale, ile orodha, jinsi ya juu inavyokuwa ya juu. Karani akabonyeza mwenyewe mara mbili, *Yanayofaa zaidi*, *Mapya kwanza*, akirudi na kwenda kama mtu anayewasha na kuzima taa.

"Nimelala macho," alisema. "Usiku kucha najiuliza nilituma au niliota. Nilishaanza kuamini niliota."

"Ulituma. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi."

Karani aliichukua ile barua, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akalifungua faili lao. Mkono wake ukasita.

"Juu," alisema Bwana Faili. "Mpya inakaa juu."

"Najua, mzee. Ndiyo kazi yangu." Lakini alitabasamu, na akaiweka juu, akaitoboa, akaifunga kwa uzi. Kisha uso ukarudi kuwa wa ofisini. "Sasa kwenu huko itakuwa mwezi wa kumi na moja. Mimi siwezi kubadilisha. Ningeweza..."

"Sikuja kwa ajili ya hilo."

Hata hivyo hakuondoka mara moja. Alikunja miwani, akaiweka mfukoni, akaikagua kama imekaa, akavuta mikono ya shati. Alitoa nafasi, maana binadamu ni binadamu, kama pangekuwa na neno lolote la shukrani. Halikuwapo. Mtu wa nyuma yake akamwomba asogee.

*

Jioni, watoto walipochukuliwa, Mwalimu alitoa daftari la mahudhurio. Bwana Faili akaja na rula na kalamu, akakaa ng'ambo ya meza ndogo. Ukutani A ilikuwa na alama ya bega, na E ilikuwa bado haijamaliziwa mkono wake wa chini.

"Tuwapange vipi?" aliuliza. "Kwa tarehe ya kuandikishwa? Wa zamani kwanza?"

"Hapana."

"Kwa umri?"

"Hapana."

"Wanaolipa bila kusumbua?"

Mwalimu alimtazama mpaka akairudisha rula mezani.

"Andika Redio," alisema. Redio alikuwa yule mtoto asiyenyamaza. "Mama yake anaingia zamu alfajiri, hana ndugu, atamfungia ndani. Andika na yule mdogo wa soksi moja. Andika pacha."

"Pacha ni wawili."

"Nitamwacha mmoja nje?"

Akaandika. Wanne. Akapiga mstari chini yao kwa rula, mstari mzuri kuliko ulivyostahili.

"Na Meneja?"

"Meneja ana bibi nyumbani."

"Bibi mwenyewe hasikii."

"Anaona," alisema Mwalimu. Akafunga daftari. "Usiniulize tena. Huyo alinijia ana miezi saba. Ukiniuliza tena nitamwandika, halafu nitamfuta nani?"

Bwana Faili akatoka, akapita nyumba saba kabla giza halijaingia. Hakumwambia mtu habari za karani. Alisema tu barua ilikuja na yeye hakuiona. Kwenye nyumba zote alielezwa kwamba wameelewa, asijali, pole na yeye, haya mambo yapo. Mmoja alimpa na kiti. Alirudi akamwambia mke wake kwamba wameelewa.

Asubuhi wakaja wote kumi na mmoja.

Mama zao walikuwa wamesimama nyuma nyuma, kwenye ukuta wa jirani, hawaombi kitu, wanarekebisha mikoba yao. Meneja alikuwa ameshawapanga watoto mstarini, wafupi mbele, na yeye mwenyewe mwisho kabisa, maana kila siku yeye ndiye aliyefunga mlango. Mwalimu alitoka na karatasi. Binti yake, aliyekuwa anakwenda kazini, alisimama. Bwana Faili alibaki ndani, akashika brashi iliyokauka.

Mwalimu akasoma jina la kwanza. Meneja, kama ilivyokuwa desturi yake wakati wa kuitwa majina, akalirudia kwa sauti, na Redio akaingia anaongea. La pili, akalirudia, soksi moja ikapita. La tatu na la nne, pacha wakaingia wameshikana mikono.

Meneja alishainua kidole, tayari kurudia la tano. Mwalimu akaikunja karatasi mara mbili, akaikunja tena, ikawa ndogo, haikunjiki zaidi.

"Mwalimu," alisema Meneja, "wa tano nani?"